Maiti wa Korokoroni na Ushahidi Wetu



Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa ambaye kwa miaka mingi sasa yuko Nakuru kwa biashara yake, ametuletea barua. Ndani yake hamna tusi hata moja, lakini imetuuma kuliko barua nyingi zenye matusi. Asema kwamba hulisoma gazeti letu tangu lilipoanza, na kwamba amehisabu. Amehisabu ni mara ngapi tumeandika juu ya watu waliotiwa mikononi mwa polisi wakafa au wakapotea, na kila mara, asema, yule tuliyemlilia alikuwa Mwisilamu, na mara nyingi mtu wa pwani au Msomali. Kisha auliza: Je, huku Bondeni wanapokufa watoto wa majirani zangu, wino wenu huwa umekwisha?

Tuliisoma barua hii katika darasa letu baada ya sala ya Isha. Mmoja katika sisi (hatumtaji jina, na mwenyewe ametupa ruhusa ya kuyasema haya) alijibu upesi, "Lakini hao wengi wao ni wezi." Watu wakanyamaza. Maneno yale hayakuwa mageni. Kila mmoja wetu amekwisha kuyasema, ama barazani ama moyoni mwake, ila usiku ule ndipo tulipoyasikia vizuri.

Basi twataka kuzungumza nanyi, enyi ndugu zetu wa miji ya pwani, juu ya maneno hayo, nasi tutaanza huko huko Nakuru barua ilikotoka.

Mwaka 1923, katika mashamba ya masetla ya Molo, palikuwa na setla mmoja jina lake Jasper Abraham, na mfanyakazi wake aliyeitwa Kitosh. Jina hilo Kitosh ndilo wageni walilowaitia zamani Wabukusu wote. Kwa hivyo hata katika vitabu vya mahakama mtu huyu ameingia kwa jina linaloweza kuwa la maelfu. Kosa lake ni kwamba alipewa farasi jike amwongoze kwa miguu, naye akampanda. Khabari zikamfikia bwana wake. Akapigwa, akapigwa sana, kisha akafungwa kamba na kutiwa stoo. Kabla ya kupambazuka alikuwa amekwisha kufa.

Kesi ilisikizwa Nakuru. Katika siku zile sharia ya Kenya ilikuwa na mizani mbili. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya juri, yaani raia wanaoketi mahakamani kuupima ushahidi na kutoa kauli ya mwisho juu ya hatia, na raia hao walikuwa Wazungu wenziwe. Mwafrika aliwekewa wazee wa baraza tu, ambao hakimu aliweza kuwasikiza kisha akayaacha maneno yao. Daktari aliyeupasua mwili wa Kitosh alisema kwamba mtu huyu ameuawa na mapigo. Lakini upande wa mshtakiwa ukaleta madaktari wengine wawili, nao wakatoa rai ya ajabu: kwamba Kitosh alikufa kwa sababu alitaka kufa. Usiku ule, akiwa amefungwa, alisikiwa akisema kwamba ataka kufa. Na watu wa rangi yake, ikasemwa, wakikusudia kufa hufa. Juri haikumwona Abraham kuwa ni muuaji. Ilimtia hatiani kwa kosa la kudhuru tu, akapewa kifungo cha miaka miwili.

Hebu fikirini, ndugu zetu. Mtu amepigwa mpaka mwili umepasuka, amefungwa asiweze kujigeuza, akalia kwa uchungu kwamba afadhali afe. Na kilio kile kile kikachukuliwa mahakamani kuwa hoja ya kumwokoa aliyempiga. Maiti akafanywa muuaji wa nafsi yake. Na mwaka ule ule wa 1923 serikali ya London ilikuwa imetoa lile Tangazo la Devonshire, lililosema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao ndiyo yatakayotangulizwa! Kisha akaja Karen Blixen, yule bibi wa Kidenmark aliyekuwa na shamba chini ya vilima vya Ngong, akakiandika kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1937. Naye, pamoja na kuwapenda Waafrika kama alivyowapenda, akaona katika kule kutaka kufa uzuri wa namna fulani. Sisi hatuuoni.

Twamkumbuka Abu Mas'ud, Sahaba wa Mtume (S.A.W.), alivyokuwa akimpiga mtumwa wake kwa mjeledi, akasikia sauti nyuma yake ikimwita, wala kwa ghadhabu asiitambue ni ya nani. Alipogeuka akamwona Mtume. Akaambiwa kwamba uwezo wa Mwenyezi Mungu juu yake ni mkubwa zaidi kuliko uwezo wake yeye juu ya mtumwa yule. Akamwacha huru pale pale, na Mtume akamjulisha kwamba lau asingefanya hivyo Moto ungemgusa. Imepokewa na Imamu Muslim. Na mtumwa yule alikuwa yu hai! Basi itakuwaje hali ya aliyepiga mpaka akaua, kisha akaleta wataalamu waseme kwamba ni marehemu mwenyewe aliyetaka?

Pengine msomaji atasema: hayo ni ya ukoloni, na wakoloni wamekwenda zao. Kweli wamekwenda, lakini udhuru wao waliuacha, nasi twaweza kuufuata mmoja mmoja.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, hapa hapa kwetu kando ya mto Tana, watu 11 waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau walipigwa kwa marungu na askari mpaka wakafa, kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Ukweli ulipotoka, mambo hayo yalitikisa Bunge la Uingereza, lakini hapana hata mtu mmoja aliyepelekwa mahakamani kwa roho zile 11. Ilipofika mwaka 2013 ndipo Uingereza ilipotangaza kusikitika kwake kwa mateso ya siku zile na kukubali kulipa karibu pauni milioni 20 kwa watu 5,228.

Na mwezi wa Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa kwao Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyodaiwa kumchafua mkubwa mmoja wa polisi, akasafirishwa usiku hadi kituo kikuu cha polisi cha Nairobi, na kabla ya siku ya pili kwisha alikuwa maiti. Polisi wakasema kwamba alijigonga kichwa ukutani mwa selo. Madaktari waliouchunguza mwili wakasema majeraha yale, na alama za kukabwa shingoni, hayapatani na mtu aliyejigonga mwenyewe. Baadaye askari, na mkuu wa kituo pamoja nao, walishtakiwa kwa mauaji. Katika siku zile zile, IPOA, yaani ile mamlaka ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sharia ya mwaka 2011, iliwaambia maseneta kwamba watu 20 walikuwa wamekufa mikononi mwa polisi katika muda wa miezi minne. Ishirini! Na katika hao, ni wangapi tuliowajua kwa majina?

Mmoja alitaka kufa, wengine walikunywa maji, na mwingine alijigonga. Wala si Kenya peke yake. Kule Australia, ambako wenyeji wa asili wa nchi hufungwa kwa wingi kupita kadiri ya idadi yao, serikali iliunda tume iliyofanya kazi tangu 1987 hata 1991 kuchunguza vifo 99 vya wenyeji hao vilivyotokea jela na korokoroni. Tume ikatoa mapendekezo 339. Tangu siku hiyo wamekwisha kufa wengine zaidi ya 500. Mwaka 2004 katika kisiwa cha Palm mtu mmoja wa wenyeji hao alikamatwa asubuhi, na muda mfupi baadaye alikutwa amekufa selo, na ini lake limepasuka. Ikasemwa alianguka. Kila nchi ina ngazi yake, na ukuta wake, na maji yake.

Tulisema kwamba wakoloni wamekwenda, lakini si katika kila jambo. Katika shamba la Soysambu, karibu na ziwa la Elmenteita, safari fupi kutoka Nakuru, mwaka 2005 Tom Cholmondeley wa ukoo wa Lord Delamere alimpiga risasi akamuua Samson ole Sisina, askari wa wanyama pori aliyekuwa kazini. Akasema alimdhania jambazi. Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi mahakamani hata kabla haijasikizwa. Mwaka uliofuata, katika shamba lile lile, Cholmondeley akampiga risasi mkata mawe, Robert Njoya, naye akafa. Na kesi hiyo ilipomalizika mwaka 2009 alipewa miezi minane, juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Wamasai waliandamana kwa hasira. Sisi pwani tuliisoma khabari hiyo katika magazeti kama tusomavyo khabari za Ulaya.

Hapa ndipo tunapofika kwetu, na hapa ndipo penye uchungu wa barua ile.

Kitosh alipokuwa akifa katika stoo ya Molo, sisi tulikuwa tukifanya nini? Katika miaka ile ya 1920 wakubwa wetu wa Mombasa walikuwa wakiandika barua kwa serikali na kugombana wao kwa wao juu ya nani aandikwe kuwa "mwenyeji" na nani asiandikwe. Kwani mwenyeji ndiye aliyetozwa kodi ya nyumba na kuvishwa kipande shingoni, na asiyekuwa mwenyeji alisalimika. Hatuwalaumu kwa kutaka kuepukana na udhia. Twawalaumu kwa kuwa hoja yao haikuwa kwamba kipande ni dhulma. Hoja yao ilikuwa kwamba kipande si chetu, ni cha wale. Na neno "mshenzi", ambalo hata leo hututoka mtu wa bara akitukosea kidogo sokoni, lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake kabla setla hajashuka bandarini. Yeye alilikuta tayari.

Kisha zamu ikageuka. Februari 1984 Wasomali walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakauawa kwa wingi. Aprili 2014 maelfu walizolewa Nairobi na kufungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani kwa sababu ya sura zao na majina yao. Masheikh wakapigwa risasi mchana katika barabara za Mombasa, na vijana wetu wakachukuliwa wasirudi. Tukalia, na ilikuwa haki yetu kulia. Tukauliza, mbona watu wa bara wamenyamaza? Nao wa bara, wengi wao, walijibu maneno yale yale aliyoyasema ndugu yetu katika darasa: lakini hao wengi wao ni magaidi.

Angalieni yalivyofanana. "Wezi" na "magaidi" ni neno moja katika mavazi mawili, na kazi yake ni kutufanya tusiulize maiti huyu kafa vipi.

Na tukisema kweli aliiba, sharia ya Isilamu imempa nani ruhusa ya kumuua usiku kati ya kuta nne? Mwizi ana kadhi wake, na mashahidi wake, na shaka ikiingia adhabu huondolewa. Aliyefungwa ni amana mkononi mwa aliyemfunga. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Insani amewasifu wale wanaowalisha chakula maskini na yatima na mateka, ilhali wao wenyewe wakipenda chakula hicho. Na Mtume (S.A.W.) ametupa khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, wala hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie riziki yake. Paka, enyi ndugu! Wala hatukuambiwa kwamba paka yule alikuwa hajaiba samaki.

Sasa tusome Sura ya Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kwamba mtu mmoja wa Banu Dhafar katika Ansari, wakimtaja Tu'ma bin Ubayriq, aliiba deraya, na ilipotafutwa akaiweka kwa Myahudi ili yeye aonekane ndiye mwizi. Jamaa zake wakamwendea Mtume kumtetea mtu wao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: huyu ni wetu, na yule ni Myahudi. Zikashuka aya kumtoa Myahudi katika tuhuma, na kumkataza Mtume asiwe mtetezi wa wenye kufanya khiyana, na kubainisha kwamba mwenye kutenda dhambi kisha akamtupia asiyekuwa na hatia amejitwika uzushi na dhambi iliyo wazi. Basi anayemtupia maiti dhambi ya kujiua mwenyewe, hali ameuawa, hukumu yake itazameni humo. Na sisi tunaoupokea uzushi huo kwa kuwa maiti si wa kabila letu, tuko upande wa nani katika kisa kile kama si upande wa Banu Dhafar?

Tena Imamu Muslim amepokea khabari ya Hisham bin Hakim, ambayo twaiona kuwa ndiyo jawabu la barua ya Nakuru. Hisham alikuwa akipita zake katika nchi ya Sham, akawaona wakulima wa Kinabati wamesimamishwa juani kwa ajili ya kodi. Hawakuwa Waarabu, na kodi iliyotajwa katika riwaya ni jizya, ambayo hatozwi Mwisilamu. Hakuuliza kama wana deni kweli. Alishuhudia kwamba amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wale wanaowatesa watu duniani, akaingia kwa amiri akamweleza hadithi hiyo uso kwa uso, na amiri akaamrisha wakaachiliwa. Hisham alikuwa mpita njia tu.

Tusimame kidogo katika jambo moja ambalo sisi Waisilamu twalifanya na ambalo laisaidia dhulma, nalo ni pupa yetu ya kuzika. Sunna ya kumharakisha maiti twaijua, wala hatuipingi. Lakini mtu akifia korokoroni, tukauchukua mwili alasiri na kuuzika kabla ya Magharibi, tukakataa usichunguzwe na daktari kwa kuogopa kuuvunjia heshima, huwa tumeuzika na ushahidi pamoja nao. Wanazuoni wa zama zetu wamelitazama jambo hili. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka cha mwaka 1987, liliruhusu mwili wa maiti kupasuliwa kwa ajili ya kuchunguza jinai pale inapohitajika kujulikana sababu ya kifo. Na ile Sura ndefu kuliko zote katika Qurani imepata jina lake kwa ng'ombe aliyechinjwa, ili aliyeuawa apigwe kwa kipande chake na ukweli uliofichwa utoke. Mwenyezi Mungu alimfanya maiti kuwa shahidi wa mauti yake mwenyewe. Kitosh naye aliutoa ushahidi wake kwa mwili wake, na daktari wa kwanza aliusoma sawasawa; waliokuwa mahakamani ndio waliochagua kusikiliza mengine. Daktari yule wa 1923 hatumsahau. Hakuwa wa kabila la maiti.

Sharia ya nchi hii nayo, isomwapo, si mbaya. Katiba ya mwaka 2010 yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita masaa 24 tangu kukamatwa, au katika siku ya mahakama ifuatayo ikiwa masaa hayo yameishia nje ya saa za mahakama. Sharia ya mwenendo wa kesi za jinai yataka hakimu afanye uchunguzi mtu akifia mikononi mwa polisi au jela, asingoje mpaka jamaa zake wapige kelele. Lakini karatasi haitembei yenyewe. Huenda pale penye watu waliokaa mahakamani wakaitazama, na ndipo jamaa wa maiti fukara anapohitaji mtu wa kuketi naye katika benchi.

Januari 2025 mvuvi kijana wa Nakuru alipotea katika mbuga ya ziwa Nakuru. Watu wake walisema alikamatwa na askari wa mbuga. Idara yao ikakana kuwa naye. Askari sita wakashtakiwa baadaye kwa kumteka. Mama wa kijana yule hakuwa na maiti wa kumzika, wala sisi hatukuandika hata mstari mmoja, na gazeti letu lilitoka mwezi ule kama kawaida na makala ndefu juu ya bidaa za arusi.

Kwa hivyo ndugu yetu wa Nakuru, hisabu yako ni sahihi, nasi twaikubali hadharani mbele ya wasomaji wote. Yule aliyesema kwamba ni wezi ametaka yeye ndiye awe wa kwanza kutia jina lake chini ya azimio la darasa, na alifanya hivyo. Tumekubaliana kwamba kuanzia toleo hili tutaandika kila kifo cha korokoroni kitakachotufikia kwa khabari ya kuaminika, pwani au bara, wala dini na kabila ya marehemu hatutazitaja isipokuwa ziwe ndizo sababu za kuuawa kwake. Nawe tunakuomba jambo moja. Uchunguzi wa kifo cha namna hii ukipangiwa siku katika mahakama ya Nakuru, tuandikie mapema tupate kukata tikiti za basi. Watu wawili wa darasa wamekwisha kujitolea kuja kuketi humo, na wauliza kama nyumbani kwako pana mahali pa kulala.